Ninamwagilia kila jioni, lakini bustani inakauka: je, niiache?

*“Ninaishi pembezoni mwa jiji la Dodoma. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mita nane kwa sita ambayo kwa miaka tisa imetulisha mboga na kunipatia fedha kidogo za matumizi: mchicha, sukuma wiki, spinachi, bamia na nyanya. Maji ya bomba tunayapata siku mbili kwa wiki, nami huyahifadhi katika tanki la lita 1,000 na mapipa mawili. Kila jioni ninanyunyiza ndoo tano bila kukosa, na bado ikifika saa saba mchana kila kitu kimelala. Mwaka huu nyanya zimeoza kitako. Sehemu moja ya udongo imeweka utando mweupe, nikamwaga majivu kama nilivyoshauriwa, lakini hali imezidi kuwa mbaya. Mvua nazo hazieleweki: msimu uliopita nilipanda mwanzoni mwa Desemba na miche yote ikafa. Mume wangu anataka tuchimbe kisima au tununue mipira ya matone. Jirani anasema tukate mwarobaini ulio upande wa magharibi wa bustani kwa sababu unanyonya maji. Mimi nimeanza kuamini kwamba zama za bustani za nyumbani zimekwisha hapa Dodoma. Je, niendelee au niache?”*

Dada yangu, usiiache. Hata hivyo, ushauri wangu wa kwanza huenda usikupendeze, kwa hiyo nautanguliza: wakati wa kiangazi, lima chini ya nusu ya eneo ulilo nalo. Katika barua yako umetaja maji, udongo, mvua, mti na magonjwa, na ni rahisi kuona kama matatizo matano yaliyokuja kwa pamoja. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya hayo yanatokana na jambo moja, nalo ni kwamba ndoo zako tano zinatandazwa juu ya eneo kubwa kupita uwezo wake.

Tufanye hesabu kidogo. Ndoo tano za lita 20 ni lita 100, na bustani yako ina mita za mraba 48. Kila mita ya mraba, basi, inapata kama lita mbili, ambazo ni sawa na mvua ya milimita mbili tu. Katika udongo wa kichanga uliokauka, kiasi hicho hulowesha takribani sentimita mbili za juu. Usikubali neno langu bila kulipima: kesho jioni, nusu saa baada ya kumwagilia, chimba kwa kisu uone unyevu umeishia wapi. Nadhani utakuta chini ya upana wa vidole viwili udongo ni mkavu kama haujawahi kuona maji. Kisha asubuhi jua linatoka, upepo wa Dodoma unaanza kazi yake, na zile sentimita mbili zinakauka kabla mizizi haijafaidi. Mboga zilizofunika ardhi vizuri, katika kiangazi cha ukanda wako, hutumia na kupoteza lita tano hadi sita kwa siku kwa kila mita ya mraba, na mwezi Oktoba upepo ukivuma kiasi hicho huweza kuzidi. Wewe unatoa theluthi moja ya mahitaji, tena unaitoa mahali pabaya, yaani juu. Mmea hufuata maji yalipo. Ukiyaweka juu kila siku, mizizi nayo hubaki juu, mahali ambapo joto ni kali zaidi. Hivyo bidii yako ya kila jioni imeizoesha mimea kuishi juujuu.

Kuhusu kulala kwa mimea saa saba mchana, usishtuke mara moja. Jani lina vitundu vidogo mno ambavyo kupitia kwake mmea huvuta hewa ya ukaa na kupoteza maji. Jua linapokuwa kali, maji hutoka majanini haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hata kama udongo una unyevu, nalo jani hulegea. Kulegea huko hulipunguzia jua linalolipiga. Kwa hiyo usiihukumu bustani mchana. Ihukumu saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza. Mmea uliosimama wima alfajiri ulipata maji ya kuutosha usiku. Uliolala alfajiri huku udongo ukiwa mkavu kwa kina cha kidole una kiu ya kweli. Lakini uliolala alfajiri huku udongo ukiwa na unyevu hauna kiu hata kidogo. Mizizi au shina lake ni gonjwa, na ukiuongezea maji unauharakishia kifo. Kwa nyanya, bilinganya na pilipili kuna kipimo rahisi: kata shina karibu na ardhi, tumbukiza ncha yake katika glasi ya maji safi na utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka penye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Ng’oa mche huo na uuchome, na usirudishe mimea ya jamii hiyo mahali hapo kwa misimu kadhaa.

(Wapo wanaoamini kwamba matone ya maji yanayobaki juu ya jani mchana hugeuka kuwa kioo na kuliunguza. Hiyo si sababu ya kukwepa kumwagilia mchana. Sababu ni kwamba maji mengi hupotea hewani.)

Sasa tuje kwenye utaratibu mpya. Tenga matuta manne, kila moja upana wa mita moja na urefu wa mita tano, ambayo jumla yake ni mita za mraba 20. Leo mimina ndoo zako tano katika matuta mawili tu, na kesho ndoo tano katika mawili mengine. Maji ni yaleyale na kazi ni ileile, lakini kila tuta sasa linapata lita kumi kwa kila mita ya mraba kila baada ya siku moja, na maji yanazama hadi kwenye mizizi. Yamimine taratibu chini, usiyanyunyize juu ya majani. Mimea iliyokwisha kuzoea maji ya kila siku uibadilishe polepole kwa muda wa wiki mbili, kwa sababu mizizi inahitaji nafasi ya kushuka.

Umbo la tuta nalo ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Vijitabu vingi vya bustani vinafundisha matuta ya kuinuka, na ni sahihi kwa Lushoto au kwa miteremko ya Uluguru ambako maji ni mengi na yanapaswa kuondoshwa. Kwenye nchi kame tuta la kuinuka hupigwa na upepo ubavuni na hukauka kutoka pande zote. Wewe fanya kinyume chake: chimba tuta lizame sentimita 15 chini ya usawa wa njia, na udongo uliotoka uufanye kingo. Kabla ya kupanda, tifua chini kwa kina cha sentimita 30 na uchanganye samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila mita ya mraba. Udongo wa kichanga wa kina hicho, bila kuongezwa kitu, unaweza kuhifadhia mmea kiasi cha lita 25 hivi kwa kila mita ya mraba, na mmea huanza kuteseka nusu ya maji hayo inapokuwa imetumika. Samadi na mboji huongeza akiba hiyo msimu baada ya msimu, ingawa si kwa mkupuo mmoja. Kwa hesabu hiyo, tanki kubwa kuliko yote uliyo nayo lipo chini ya miguu yako, nalo linavuja. Kasoro ya matuta ya kuzama ni kwamba mvua kubwa huyajaza na kuozesha mizizi. Wengi walioyatumia katika mvua za El Niño za msimu wa 2023/24 walijifunza hivyo kwa hasara. Kwa hiyo, kila tuta liachie upenyo mmoja unaoweza kuufungua kwa jembe.

Juu ya udongo weka matandazo, yaani nyasi kavu, majani makavu au maganda ya karanga, unene wa vidole vinne. Hapa najua utauliza kuhusu mchwa, na ni swali la haki, kwa sababu Dodoma nyasi kavu huliwa usiku mmoja. Mchwa hutafuta kwanza kilichokufa na kukauka, ndipo huhamia kwenye mmea uliodhoofika. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya matandazo na shina, tandaza baada ya kumwagilia na si kabla, na mahali ambapo wanasumbua sana tumia kokoto badala ya nyasi. Kokoto hazirutubishi udongo, lakini zinazuia jua kuugusa, na mchwa hawazili.

Nyanya zako zilizooza kitako hazina ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo dawa ya ukungu ni fedha iliyopotea. Tunda linahitaji madini ya kalisi ili kujenga ngozi yake, na kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji. Maji yanapokatika siku tatu kisha yakaja mengi kwa ghafla, kitako, ambacho ni mwisho wa safari, ndicho hukosa. Mara nyingi kalisi ipo udongoni; kilichokosekana ni usawa wa maji. Ukimwagilia kwa mpangilio na kuweka matandazo, matunda yatakayofuata yatakuwa na nafuu kubwa, ila yaliyokwisha kuoza hayaponi. Jambo jingine ni joto. Maua ya nyanya hushindwa kushika matunda mchana unapofikia nyuzi 35 au usiku unapokosa ubaridi. Panga miche yako ichanue kati ya Juni na Agosti, wakati Dodoma ina baridi, na usihangaike na nyanya za Oktoba.

Utando mweupe ndio unaonipa wasiwasi zaidi katika barua yako. Inaelekea sana kuwa ni chumvi. Maji yoyote, hata ya bomba, yana chumvi kidogo, na maji ya visima vya Dodoma mara nyingi yana zaidi. Maji yanapopanda hewani, chumvi hubaki, na ukimwagilia juujuu kwa miaka haishuki kamwe kwenda chini ya mizizi. Majivu hayakufaa hapo. Yana manufaa kwenye udongo wenye tindikali, lakini yenyewe yana chumvi na hupunguza tindikali, hivyo uliongeza mzigo juu ya mzigo. Acha kabisa kuyaweka mahali hapo. Kwangua utando huo ukiwa mkavu na uutupe mbali na bustani, kisha mvua zikianza liache eneo hilo wazi lenye kingo ili maji yatuame na kuisukuma chumvi chini. Baadaye panda spinachi, ambayo ni ya jamii ya viazisukari na huvumilia chumvi; maharage ni miongoni mwa mimea inayoshindwa mapema zaidi. Ikiwa udongo huo ukilowa unateleza kama sabuni na ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, tatizo linaweza kuwa magadi, nayo tiba yake ni nyingine: jasi, kama ile inayochimbwa Itigi. Usinunue jasi kabla ya udongo kupimwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na maji ya kufulia. Sabuni ya unga ina magadi mengi. Maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea yanaweza kupewa mlonge, mpapai au mgomba, siku hiyohiyo bila kulazwa, na mahali pamoja pasipewe kila siku. Usiyamwage kwenye mboga za majani.

Kuhusu mipango ya shemeji, naomba usiifanye ugomvi wa nyumbani, maana anawaza vizuri, ila anaanzia mwisho. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, kinahitaji utafiti wa kitaalamu kabla ya kuchimba, na baada ya gharama zote mnaweza kupata maji ya chumvi yatakayoua bustani iliyokuwa na kiu tu. Maji ya chini ya ardhi ya bonde la Makutupora, ambalo ndilo limeinywesha Dodoma kwa miaka mingi, hujazwa zaidi na mvua kubwa za miaka michache kuliko na mvua za kila mwaka. Kwa bustani ya mita 20 za mraba sioni sababu ya kuchimba kisima. Mipira ya matone ninaipenda, na tanki likiinuliwa mita moja au moja na nusu hufanya kazi bila pampu. Lakini huziba haraka bila chujio, na katika udongo wa kichanga tone hushuka wima badala ya kutawanyika, hivyo mipira inapaswa kukaribiana. Inunueni msimu ujao, baada ya samadi na matandazo, si kabla yake.

Kitu ambacho hamkukitaja ni paa. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kama paa lenu lina mita za mraba 70, mvua ya Dodoma, ambayo kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550, inaweza kuwapa zaidi ya lita 30,000 hata baada ya kutoa hasara ya moja ya tano. Mvua moja ya milimita 18 inajaza tanki lenu la lita 1,000. Hata hivyo, maji hayo huja Desemba hadi Aprili, wakati ambao hamna shida kubwa, na kwa matumizi ya lita 100 kwa siku tanki hilo ni la siku kumi. Tanki dogo litakuvusha kile kiangazi kifupi ambacho mara nyingi hukatiza mvua mwezi Februari, lakini halitakufikisha Agosti. Mnaponunua tanki la pili, lifunikeni na kuliwekea wavu, msije mkafuga mbu.

Mwarobaini jirani ameuona nusu tu. Ni kweli kwamba mizizi yake inaingia kwenye matuta kufuata maji. Lakini umesema upo magharibi, na hiyo ni bahati, kwa sababu unakinga jua la alasiri, wakati ambao joto ni kali kuliko wote. Punguza matawi ya chini, kisha kati ya mti na tuta la kwanza chimba mtaro wa kina cha sentimita 60, ukate mizizi utakayoikuta na ufukie. Rudia kila mwaka kabla ya mvua.

Kuhusu mvua zisizoeleweka, joto linapanda, na joto likipanda kiu ya udongo huongezeka hata kama mvua haikupungua. Kilicho kigumu kutabiri ni mvua itaanza lini na itakatika wapi. Wastani wa mwaka haukusaidii hapo. Waingereza walioleta matrekta yao Kongwa mwaka 1947 kulima karanga walikutana na ukame na udongo uliogeuka kama zege, na mradi ukafungwa mwaka 1951. Wenyeji wa Ugogo walikuwa wakiijua ardhi hiyo muda wote. Wewe usipande kwa kuona mvua ya kwanza. Sikiliza utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya Novemba, kisha subiri hadi unyevu uwe umeshuka urefu wa shubiri moja ardhini, na hata hapo tia theluthi ya mbegu tu, theluthi nyingine baada ya siku kumi, na ya mwisho baadaye.

Zile mita 28 zilizobaki hazitalala bure. Mvua zikiwa zimekubali, zijaze kunde, mlenda na maboga bila kumwagilia, na majani uyakaushe kivulini kwa ajili ya miezi mikavu, kama kina bibi wa Dodoma walivyofanya siku zote. Katika matuta ya kiangazi tegemea mchicha na mgagani. Mimea hii miwili ina namna ya kutengeneza chakula chake inayotumia maji kidogo kuliko sukuma wiki kwa kila kilo ya majani, haisumbuliwi na joto, na hukufikia sufuriani ndani ya wiki nne hadi sita. Matembele nayo hayana neno. Sukuma wiki asili yake ni ubaridi. Bakiza miche sita au saba kwenye kivuli cha mwarobaini, ya kula nyumbani, na usiitegemee sokoni. Pembezoni panda mlonge miwili na mbaazi, ambazo mizizi yake hujitafutia maji mbali chini.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Mwite afisa ugani wa kata yako aje kuona kwa macho endapo utando mweupe utarudi baada ya mvua, kingo za majani zikiungua ilhali unamwagilia vizuri, au uking’oa mche ukakuta mizizi ina vinundu kama shanga, kwani hao ni minyoo fundo na watakulazimu kubadili mazao. Udongo na maji vinaweza kupimwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na ushauri wa mazao ya nchi kame unaweza kuuomba kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ambacho hakiko mbali nawe. Chukua udongo kutoka sehemu sita au saba za bustani kwa kina cha sentimita 20, uuchanganye, uukaushe kivulini na utenge nusu kilo. Ule wa penye utando mweupe uweke katika mfuko wake peke yake, ulioandikwa. Maji yatie katika chupa uliyoisuuza mara tatu kwa maji yaleyale, uijaze hadi juu, na uifikishe mapema iwezekanavyo.